Sayari Niliyoipoteza Kibiti

Chumba walichonipa kulala nilipokwenda Kibiti kwenye arobaini ya Bi Somoe ni kilekile nilichokalia eda miaka kumi na tisa iliyopita. Wamekipaka rangi ya kijani, kitanda cha kamba wamekiondoa wakaweka cha mbao, na dirisha sasa lina vioo. Niliweka mkoba sakafuni, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikajikuta nahesabu nondo za dirisha. Saba. Wanawake walioniletea chai walidhani namlilia marehemu. Ni kweli nilikuwa namlilia, ila si kwa namna waliyoifikiria wao. Bi Somoe alikuwa mama mkwe wangu. Nilikaa ndani ya nyumba yake karibu mwaka mzima nikitamani kutoka, na aliyenifungulia mlango mwishowe alikuwa yeye mwenyewe, kwa sharti ambalo mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kulikubali. Nafundisha fizikia ya nyota sasa, na kila mwaka wanafunzi wapya huniuliza ni nini kilichonifanya niwe mtaalamu wa kazi hii. Wanatarajia niwaambie habari za utoto na mbingu iliyojaa nyota. Huwa nawapa jibu fupi tukaendelea na somo. Jibu lenyewe ni mwaka ule, na kwa sehemu kubwa ya mwaka ule sikuwa naiona mbingu kabisa.

Nilikozaliwa na walionisomesha nawaacha pembeni, kwa sababu hawahusiki na habari hii. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu katika chuo kikuu kimoja Afrika Kusini, na nilirudi kwa likizo ya mwezi mmoja kukaa na mume wangu. Seif alikuwa bwana shamba. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya delta, mto unakogawanyika kabla ya kuingia baharini, akipeleka mbegu za mpunga na ushauri, na makazi yetu yalikuwa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya mama yake, nyumba ya tatu kutoka barabara kuu. Katika wiki ya nne ya likizo akaenda Maparoni, akasema atarudi siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi wakaja wanaume wawili, wakakataa kukaa, na kabla hawajafungua mdomo Bi Somoe alikuwa ameshakaa chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. Boti ndogo ya injini ilikuwa imepinduka kwenye mkono mmoja wa mto. Wanne walitoka. Seif walimkuta kwenye mizizi ya mikoko. Alizikwa alasiri, nami nikavuliwa bangili, nikaogeshwa, nikavishwa nguo nyeupe, nikaingizwa chumbani.

Eda ya mfiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Hakuna aliyenifunga kwa kamba. Nilimpenda mume wangu na nilitaka kumkalia eda yake kama inavyotakiwa. Lakini nilikuwa pia mtu wa hesabu, na siku ya tatu tu, wakati matanga hayajaisha, nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani na kujua tarehe nitakayotoka, na kwamba nikipata ndege ndani ya wiki hiyo ningefika chuoni kabla muhula haujachanganya. Niliona aibu kwa hesabu ile, na bado kila asubuhi nilitoa siku moja. Shemeji yangu Athumani, kaka yake Seif, alinipigia simu kwa msimamizi wangu, nikazungumza nikiwa nyuma ya pazia. Profesa, kama nitakavyomwita hapa, alikuwa mzee mpole asiyejua aseme nini. Alinipa pole mara tatu, kisha akauliza kama nina takwimu zangu. Nikamwambia ninazo. Kompyuta yangu ilikuwa mezani na faili langu la karatasi chini ya kitanda.

Chumba kilikuwa na upana wa hatua nne. Dirisha lilitazama uwanja wa nyuma, palipokuwa na jiko la kuni, pipa la maji na kamba ya nguo, kwa hiyo dunia yangu yote ilikuwa miguu ya wanawake waliokuwa wakipita chini ya shuka zilizoanikwa. Nilijifunza kuwatambua kwa visigino vyao. Asubuhi ililetwa chai na mihogo ya kuchemsha, mchana wali na samaki, au kisamvu kilichotiwa kamba wakavu walioletwa na jamaa wa Maparoni. Watu hao, baada ya kutua mizigo yao, walikuwa wakinisalimu kupitia pazia na kulia kidogo kabla ya kwenda sokoni. Mazungumzo ya jikoni niliyasikia yote. Walizungumza kwa Kiswahili kuhusu bei za mchele, harusi za Ruaruke, nani ameachika. Na walipotaka nisielewe walihamia Kindengereko, bila kupunguza sauti, maana hapakuwa na haja. Nilijua ni mimi ninayezungumzwa kwa sababu ya jinsi walivyonyamaza baadaye. Alasiri vyombo vilipokuwa vimeoshwa na uwanja umefagiliwa, ndipo nilipowasha kompyuta.

Nyota niliyokuwa naisoma ilikwisha kufa zamani. Kilichobaki ni kiini chake tu, kidogo kama upana wa mji mmoja lakini kizito kupita jua, kinachojizungusha mara nyingi kwa sekunde, na kila kinapogeuka kinatupigia mdundo mmoja wa redio. Midundo hiyo haichoki na haikosei. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kumbukumbu za miaka saba zilizokusanywa na darubini kubwa ya redio, kuangalia kila mdundo ulifika saa ngapi, na kulinganisha na saa uliyotakiwa kufika. Na nilikuwa nimeona kitu. Midundo iliwahi kidogo, kisha ikachelewa kidogo, kisha ikawahi tena, sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa mzunguko wa kama miezi mitano. Maelezo yaliyonijia, na aliyoyapenda Profesa, yalikuwa kwamba nyota ile ina mwenzake: sayari inayoizunguka, inayoivuta huku na huku, na hivyo kuisogeza karibu nasi na kuipeleka mbali. Sayari kwenye nyota iliyokufa. Makala ilikuwa nusu imeandikwa, na jina langu ndilo la kwanza. Usiku wa mwisho kabla sijasafiri nilimweleza Seif kwa simu, akaniuliza kama huko nako wanalima. Nilicheka sana.

Mwezi wa pili wa eda nilianza kutapishwa na harufu ya kamba wakavu. Mimi nilidhani ni huzuni. Bi Somoe alikuja akasimama mlangoni, akanitazama muda mrefu, akauliza mara ya mwisho niliona siku zangu lini. Nikamwambia sikumbuki. Akakaa kitandani pembeni yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka kiganja chake tumboni mwangu juu ya shuka jeupe, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamwona akilia. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu. Mjane mwenye mimba eda yake ni mpaka ajifungue. Siku zote nilizokuwa nimezitoa kila asubuhi zilirudi mara moja, na nyingine juu yake. Nilifurahi pia, nisije nikaeleweka vibaya. Lakini furaha ile ilinijia ikiwa imeshika kufuli. Kutoka siku ile chakula kilibadilika, nikaletewa ini na mchicha na maziwa, na wanawake wa jikoni wakaacha kunisema kwa Kindengereko. Kila mtu akawa mwema kwangu. Kuta zikasogea hatua moja zaidi.

Profesa alinipa muda. Barua pepe zake zilifika kwenye stesheneri moja barabarani, zikachapishwa, na wifi yangu Mwanaidi akaniletea zikiwa zimekunjwa ndani ya kitenge. Na majibu yangu yalitoka hivyohivyo, kwenye flashi aliyoifunga pembeni ya kanga yake. Profesa aliandika kwamba makala iko karibu kukamilika, kwamba ataitangaza sayari yetu kwenye mkutano mkubwa wa katikati ya mwaka, na kwamba kitu pekee anachokitaka kwangu ni jedwali la mwisho la takwimu, lililokaguliwa mstari kwa mstari. Nilikuwa nalikagua polepole. Kisha masika yakaja na nguvu, nguzo za umeme zikaanguka mahali fulani njiani, tukakaa gizani karibu wiki mbili. Kompyuta ikafa. Miguu yangu wakati huo ilikuwa imevimba, kichwa kinagonga, na muuguzi aliyekuja kunipima akasema nilale, nisisome. Yote niliyokuwa nayo ni faili la chini ya kitanda, na ndani yake nakala za daftari la zamu, kurasa zilizoandikwa kwa mkono na watu waliokuwa wakiiendesha darubini ile: tarehe, saa, hali ya hewa, jina la nyota. Kama ningekuwa ofisini kwangu nisingelifungua. Hakuna aliyekuwa akilisoma daftari lile. Nililifungua kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kufanya duniani.

Bi Somoe ndiye aliyenisomea. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya jioni, na alisoma kwa kidole, bila haraka, akitamka kila tarakimu kama mtu anayepima mchele wa mtu mwingine. Yeye alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha penye mwanga, mimi nimelala na grafu yangu iliyochapishwa kifuani, na kwa kila tarehe aliyoisoma nilitia alama ya kalamu. Tulifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne akasimama katikati ya ukurasa.

"Hii herufi ya mwisho nayo unaitaka?"

"Herufi gani, mama?"

"Hii ya pembeni. Kurasa zote za leo wameandika A. Hapa wameanza B."

Nikamwambia aiache, ni alama tu ya mashine iliyorekodi. Akaendelea. Baada ya kurasa mbili akasema, bila kuinua kichwa, "Wamerudi kwenye A." Mvua ilikuwa inapiga bati, na nakumbuka nilisubiri ipungue ili nisikie vizuri, ingawa nilikuwa nimesikia. Nikamwomba aanze upya toka ukurasa wa kwanza, asome tarehe na ile herufi tu. Alinitazama, akalowesha kidole, akaanza. Nilikuwa na penseli ya rangi ya Mwanaidi, nyekundu. Kila penye B nilipaka rangi kwenye grafu. Tulipomaliza, mchana wa siku ya pili yake, nilikuwa na karatasi yenye vilima na mabonde, na kila kilima kilikuwa chekundu. Mashine A ilikuwa ikipelekwa kufanyiwa matengenezo kila baada ya miezi kadhaa, na mashine B ikishika nafasi yake. Na saa ya mashine B ilikuwa inakosea, kidogo kiasi ambacho hakuna binadamu angeweza kukijua. Nyota haikuwa imesogea popote. Sayari yangu ilikuwa ratiba ya mafundi.

Nililiweka faili chini ya godoro. Nikasema nimechoka, na kwa wiki tatu sikuligusa. Umeme ulirudi, nikajifanya kichwa bado kinagonga. Nilikuwa napima mambo, na vipimo vyote vilikuwa vibaya. Nikisema, sura kuu ya tasnifu yangu imekufa, na ufadhili wangu ulikuwa na mwisho. Ningebaki mjane mwenye mtoto, chumba cha hatua nne na shahada nusu. Nikinyamaza, makala itatoka, nitapewa shahada, na kosa lile pengine litagunduliwa na mtu mwingine baada ya miaka, au lisigunduliwe. Athumani, siku alipokuja kunijulia hali, alizungumza nami kupitia pazia kuhusu shule ya sekondari iliyokuwa haina mwalimu wa fizikia, na mwalimu mkuu aliyekuwa anamfahamu. Alisema kwa upole, bila kunisukuma. Nilimshukuru. Alipoondoka nilikaa nikitazama nondo, nikijiambia kwamba uongo mmoja mdogo, wa mashine tena, usio wangu, ndio ufunguo pekee nilionao.

Bi Somoe alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, sakafuni kwangu, aliposema kwamba nimeacha karatasi zangu. Nikakataa, kisha nikamweleza. Nilimweleza kwa lugha nyepesi, sayari, mashine, saa. Alisikiliza huku vidole vinafanya kazi.

"Kwa hiyo hakuna kitu kule," akasema.

"Hakuna."

"Na wenzako wanajua?"

"Bado."

Akatupa punje chafu dirishani. Nilidhani atanisuta, au ataniambia hayo ni mambo ya wasomi. Badala yake akaniuliza kama nimewahi kusikia watu wanavyosimulia kifo cha Seif. Nilikuwa nimesikia. Kila aliyekuja kutoa pole alisema kwamba alikufa akiwaokoa wenzake, kwamba wale wanne walitoka kwa mikono yake. Imamu alilisema hilo siku ya hitima.

"Mwenye boti alikuja hapa siku ya saba," Bi Somoe akasema. "Ulitusikia jikoni, ila hukutuelewa. Alimwambia Seif wasivuke, mto umechafuka, walale Maparoni wavuke asubuhi. Seif akamlazimisha. Alisema mke wake amebakiza siku tano." Akaacha kuchagua. "Hakumwokoa mtu. Walijiokoa wenyewe. Na mimi kila wakimsifia naitikia. Miezi saba naitikia. La kwangu nimeshachelewa kulisema. La kwako bado liko mkononi mwako."

Nimeishi na maneno yale miaka kumi na tisa na bado sijui kama alinipa zawadi au alinitwisha mzigo wake. Pengine yote mawili. Siku ile sikufikiria sayari hata kidogo. Nilimfikiria Seif amesimama kwenye tope ukingoni mwa mto, anabishana, anahesabu siku zangu kama mimi nilivyokuwa nikizihesabu. Sikuweza kupumua ndani ya chumba kile na sikuwa na ruhusa ya kutoka, kwa hiyo nililala chini kwenye saruji, tumbo limeelekea ukutani, na Bi Somoe akaniwekea mkono mgongoni, akauacha hapo mpaka mchele wa jioni ukawa umechelewa na Mwanaidi akaja kuuliza kulikoni.

Kesho yake niliandika. Ukurasa mmoja na nusu, pamoja na picha ya ile grafu nyekundu. Mwanaidi aliifunga flashi kwenye kanga kama kawaida, na nilimwona kupitia dirisha akipita chini ya nguo zilizoanikwa, akisimama kumpisha kuku, na moyoni nilitaka kumwita arudi. Jibu lilichukua siku tisa. Profesa aliandika kwamba amewaomba wenye darubini waikague mashine B na wamekuta saa yake inachelewa kama nilivyosema. Kwamba ameiondoa mada yetu kwenye mkutano. Kwamba hakulala vizuri siku mbili. Na kwamba ananishukuru, ingawa leo haimwii rahisi kunishukuru. Kisha, mwishoni, kwamba tasnifu yangu sasa haina sura kuu, na kwamba wafadhili wamekubali kunisubiri mpaka mwezi wa kumi na moja. Nisiporipoti mwezi huo, nafasi itakwenda kwa mtu mwingine. Niliisoma mara nyingi. Ilikuwa barua ya haki kabisa, na haikuacha mwanya.

Rukia alizaliwa asubuhi, kwenye kituo cha afya, baada ya safari ya dakika tano iliyokuwa safari yangu ndefu kuliko zote mwaka ule. Jina alilichagua Bi Somoe. Eda ikaisha siku hiyohiyo, kwa sheria. Na nilipopata nguvu walinitoa nje kwa udi na nguo mpya, wakanikalisha uwanjani penye jua. Nilikuwa nimeyasubiri mabasi ya Lindi na Dar yaliyokuwa yakinguruma barabarani miezi yote ile, nikatembea mpaka pembeni ya lami na mtoto mgongoni, nikasimama. Nikaogopa. Nilirudi ndani mwenyewe, nikakaa kitandani, nikamnyonyesha, na mlango ulikuwa wazi.

Athumani alisubiri arobaini ya uzazi ipite. Alikuwa mtu wa heshima. Hakuwahi kugusia jambo lolote nikiwa ndani ya eda. Alikuja mchana, akakaa kwenye kiti cha barazani, akasema kwamba mke wake wa Ruaruke ameridhia, kwamba nikitaka atanioa na kumlea mtoto wa ndugu yake, na nisipotaka kuolewa basi nafasi ya ualimu bado ipo na nyumba hii ni yangu. Alisema, "Shemeji, hatutaki upotee na damu yetu." Sikuwa na la kumlaumu. Katika mwaka ule wote hakuna hata mmoja aliyenikosea, na hilo ndilo lililonitesa; nikitafuta adui wa kumkimbia, nilikuta watu walioniletea maziwa. Nilimwomba wiki mbili. Zikapita. Nikamwomba nyingine, mpaka Rukia akafika miezi mitatu na nusu, na mwezi wa kumi na moja ukawa umeingia.

Siku moja kabla Athumani hajaja kuchukua jibu, Bi Somoe alikuja chumbani na kikombe cha maziwa ya kopo na kijiko. Akamchukua Rukia mapajani mwangu, akaanza kumnywesha. Nilimwambia mtoto hana njaa, ametoka kunyonya. "Najua," akasema. "Namzoesha."

Nikamuuliza anamzoesha nini.

"Athumani mwambie hapana. Nenda ukamalize. Mtoto abaki."

Nilisema maneno mengi, siyakumbuki yote. Kwamba ana miezi mitatu. Kwamba ningeweza kumpeleka, wapo wanaosoma na watoto. Aliendelea kumnywesha mpaka nikaishiwa.

"Usidhani nakufanyia hisani," akasema. "Mmoja nimeupa mto. Huyu namtaka. Ukimchukua sitamwona tena, nawajua ninyi. Na ukibaki hapa kwa ajili yake, utamchukia. Nimekuona unavyolitazama lile dirisha."

Nilisema miaka miwili. Akasema miaka miwili. Hatukuapishana. Ikawa mitatu na miezi minane, kwa sababu sura mpya ya tasnifu ilikuwa juu ya saa za darubini na jinsi zinavyotudanganya, na ilinibidi nizifuate darubini nyingine nne kabla haijakubaliwa. Kazi ile ndiyo iliyonipa jina nililonalo. Wenzangu wanaponitumia takwimu zao kwanza nawauliza ilikuwa mashine ipi, na huwa wanatabasamu. Rukia alikua Kibiti, hata baada ya muda huo kupita. Alimwita bibi yake mama, na mimi alinijua kama mtu wa likizo, anayeleta viatu visivyomtosha. Alikuja kuishi nami alipokuwa na miaka kumi na miwili, kwa hiari yake, na tunapendana kama watu wazima wawili waliokutana wakaelewana. Hajawahi kuniuliza moja kwa moja. Kama angeuliza, nisingemwambia kwamba nililazimishwa. Nilipewa njia mbili katika chumba kile, zote mbaya, nikachagua moja kwa akili zangu timamu.

Niliondoka asubuhi ya Jumatano. Kifua changu kilikuwa kimefungwa kwa kanga iliyokunjwa mara tatu, kwa sababu maziwa hayakujua tulichokubaliana. Bi Somoe alikuwa barazani, Rukia mapajani, kijiko mkononi, na hakusimama. Aliniambia nipite upande wa uwani, mtoto asione begi. Nikapita uwani. Mwanaidi alinisindikiza mpaka kituoni, akaniwekea mihogo ya kukaanga mapajani, akashuka, akapungia dirisha lisilo langu. Basi lilikuwa la Dar, na mimi nilikaa kiti cha tatu kutoka mlangoni. Lilisimama Bungu, wakapanda wanawake wenye korosho. Lilisimama Jaribu, dereva akashuka kunywa chai, tukakaa karibu nusu saa mlango ukiwa wazi na upepo unaingia. Kanga ilikuwa imelowa mpaka nje, nikaifunika kwa mkoba. Lilisimama Kimanzichana. Lilisimama Mkuranga, na pale kondakta akanitazama, akaniuliza kama nashuka, maana nilikuwa nimesimama bila kujijua, mkono uko kwenye chuma cha kiti cha mbele. Nikamwambia hapana, nakwenda mpaka mwisho. Nikakaa.